Je, Wajua? Maneno Laini Juu ya Mateso

Je, wajua kwamba Juni 2013 ilileta kauli mbili za viongozi wakubwa kuhusu kipigo, na kauli hizo hazikufanana hata kidogo? Tarehe 6, bungeni London, Waziri wa Mambo ya Nje wa Uingereza, William Hague, alisema serikali yake inasikitika kwa dhati kwamba Wakenya waliteswa chini ya utawala wa kikoloni wakati wa Mau Mau. Tarehe 20, bungeni Dodoma, Waziri Mkuu Mizengo Pinda aliulizwa kuhusu vyombo vya dola na akajibu kwamba wanaokaidi wapigwe tu, kwa kuwa serikali imechoka.

Kauli ya Pinda ilizua kishindo siku ileile. Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu pamoja na Chama cha Mawakili wa Tanganyika walimfikisha Mahakama Kuu, ingawa kesi ilitupwa 2014 kabla ya kufika kwenye kiini. Ya Hague ilipokelewa kwa heshima. Ukiisoma vizuri utaona alikubali kwamba mateso yalikuwepo, akasikitika, akatangaza malipo ya pauni milioni 19.9 kwa walalamikaji 5,228, kisha akasema Uingereza inaendelea kukana kuwajibika kisheria. Hakuomba radhi. Hadi leo ukiwauliza watu watakuambia Uingereza iliomba radhi kwa Mau Mau.

Hapo pana somo ambalo wanasiasa wamelisoma vizuri kuliko sisi waandishi. Anayesema wazi hushitakiwa, na anayechagua maneno huandikwa kwa uzuri.

Je, wajua kwamba mwishoni mwa Julai mwaka uleule Rais Jakaya Kikwete, akiwa ziarani mkoani Kagera, alitoa wiki mbili kwa wahamiaji haramu kuondoka? Septemba ikaja Operesheni Kimbunga katika mikoa ya Kagera, Kigoma na Geita. Karagwe na Kyerwa zilikuwa katikati ya kimbunga hicho. Taarifa rasmi zilipenda sana maneno mawili: "kwa hiari". Watu wameondoka kwa hiari, wamerejea kwao kwa hiari. Redio zikasoma hivyo hivyo, magazeti yakachapa hivyo hivyo.

Sasa tazama hiari hiyo kwa karibu. Mtu amezaliwa hapa, mama yake alivuka Mto Kagera akiwa binti, baba yake ni Mnyambo wa kijiji cha jirani. Anasikia askari wako njiani na wanauliza uraia. Hana cheti cha kuzaliwa, kama walivyo wazee wengi wa vijijini. Lafudhi yake haithibitishi lolote, kwa kuwa Kinyambo na Kinyankole ni lugha za karibu mno na mto huo umegawa koo zilezile. Anaacha migomba, kahawa na wanawe, anavuka. Aliyeandika "ameondoka kwa hiari" hajaongopa kwa namna ya kumfunga mtu: hakuna aliyemshika mkono siku ile. Lakini msikilizaji wa Dar es Salaam hakupata picha hii hata kidogo. Swali ambalo halikuulizwa vya kutosha lilikuwa jepesi: angebaki, angefanywa nini?

Je, wajua kwamba Rubwera, palipo makao makuu ya Wilaya ya Kyerwa, palikuwa na kambi ya wakimbizi wa Rwanda baada ya 1994, kama ilivyokuwa Kagenyi? Tarehe 5 Desemba 1996 Serikali ya Tanzania na shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi, UNHCR, walitoa tangazo la pamoja: Wanyarwanda wote sasa wanaweza kurudi kwao salama, na wanatarajiwa wawe wamerudi ifikapo tarehe 31. Wakimbizi wengi waliposikia walikimbilia upande wa pili, ndani zaidi ya Tanzania. Wanajeshi na polisi wakawageuza kuelekea mpakani. Karibu nusu milioni walivuka kutoka Ngara na Karagwe ndani ya wiki chache, na kitenzi kilichoenea katika habari kilikuwa "kurejea". Mtangazaji anapokopa kitenzi cha tangazo anakopa pia msimamo wa aliyeliandika.

Turudi 2013, Oktoba, ilipoanza Operesheni Tokomeza dhidi ya ujangili wa tembo. Waziri wa Maliasili na Utalii, Khamis Kagasheki, aliyekuwa pia mbunge wetu wa Bukoba Mjini, alisema hadharani kwamba wauaji wa tembo wauawe papo hapo. Tarehe 1 Novemba operesheni ilisimamishwa. Kamati ya Bunge ya Ardhi, Maliasili na Mazingira chini ya James Lembeli ikaenda vijijini, ikasikiliza watu, ikarudi Dodoma.

Nawasihi wahariri wote waisome tena taarifa ile. Kamati haikuandika "changamoto za utekelezaji". Ilisema watu waliteswa, wanawake walibakwa, raia 13 walikufa, mifugo ilipotea. Ilisomwa bungeni tarehe 20 Desemba, na kabla ya siku kwisha mawaziri wanne walikuwa nje: Kagasheki, Emmanuel Nchimbi wa Mambo ya Ndani, Shamsi Vuai Nahodha wa Ulinzi, na Mathayo David Mathayo wa Mifugo. Kwa wiki kadhaa kabla ya hapo tulikuwa tukisoma "malalamiko" na "kasoro". Matukio yalikuwa yaleyale, ila sasa yalitajwa kwa majina yake, na serikali ikatikisika.

Je, wajua kwamba mauaji ya Hola yalitangazwa kwanza kuwa ni vifo vilivyotokea baada ya watu kunywa maji? Tarehe 3 Machi 1959, katika kambi ya Hola karibu na Mto Tana nchini Kenya, askari walinzi waliwapiga kwa virungu mahabusu wa Mau Mau waliokataa kufanya kazi. Wakafa 11. Taarifa ya serikali ya kikoloni ilisema watu hao walikufa baada ya kunywa maji kutoka kwenye gari la maji. Maji yalikuwepo kweli, na watu walikunywa kweli. Kila neno la taarifa hiyo lingeweza kutetewa mbele ya hakimu, na ndiyo sababu naiona hatari kuliko uongo wa waziwazi. Msomaji alibaki akifikiria sumu au kipindupindu. Uchunguzi wa vifo ndio ulioonyesha kwamba miili ilikuwa imevunjwa kwa kipigo.

Na waandishi wa taarifa hiyo hawakuteleza. Miaka miwili kabla, Juni 1957, Mwanasheria Mkuu wa koloni, Eric Griffith-Jones, alimwandikia Gavana Evelyn Baring akieleza namna ya kutumia nguvu kambini. Alitofautisha nguvu ya kumlazimisha mtu atii amri na nguvu ya kumwadhibu, ya kwanza ikihesabiwa halali. Katika barua hiyo aliandika kwamba kama ni kutenda dhambi, basi tutende kimya kimya. Vipigo kambini viliitwa "urekebishaji". Mahojiano ya mateso yaliitwa "uchujaji", kana kwamba watu ni chai. Majalada mengi ya wakati ule yalifichwa Uingereza, huko Hanslope Park, hadi kesi ya wazee wa Mau Mau ilipoyafichua 2011. Mmoja wa wazee hao, Wambugu Wa Nyingi, alikuwa amenusurika Hola.

Majina ya kupamba hayakuishia kwa wakoloni: idara ya Idi Amin iliyowatesa na kuwaua Waganda pale Nakasero, Kampala, iliitwa Ofisi ya Utafiti ya Taifa. Wanajeshi wetu walipoingia mji huo Aprili 1979, baada ya vita vilivyoanzia huku kwetu Kagera, waandishi wa habari waliingia na kukuta maiti ndani ya jengo la "utafiti".

Je, wajua kwamba Ali Hassan Mwinyi alijiuzulu uwaziri wa Mambo ya Ndani mapema 1977 kwa sababu ya mateso ambayo hakuyaamuru? Huko Mwanza na Shinyanga vyombo vya dola viliwakamata watu wengi katika msako wa wauaji wa vikongwe, na baadhi walifia mikononi mwa waliokuwa wakiwahoji. Mwinyi hakusema "uchunguzi unaendelea". Aliandika barua, akaondoka. Miaka minane baadaye alikuwa Rais. Namtaja kwa furaha, kwa sababu anathibitisha kwamba lugha nyingine ya uongozi iliwahi kuwepo hapa hapa nchini.

Twende Marekani, ambako ufundi huu ulifikia kilele. Agosti 1, 2002, wanasheria wa Wizara ya Sheria waliandika waraka uliosema maumivu hayahesabiwi kuwa mateso mpaka yafikie kiwango cha yale yanayoambatana na kiungo muhimu cha mwili kushindwa kufanya kazi, au kifo. Shika tafsiri hiyo, kisha msikilize Rais George W. Bush akiwa Panama Novemba 2005: hatutesi. Kwa tafsiri ya waraka alikuwa salama. Kwa tafsiri ya mama anayesikiliza redio jikoni, alikuwa amesema jambo jingine kabisa, na vyombo vya habari vilimpelekea mama huyo sentensi bila kumwambia kamusi imebadilishwa.

Mwezi uliofuata Condoleezza Rice, waziri wake wa mambo ya nje, alikuwa akielekea Ulaya ambako magazeti yalikuwa yamewaka kwa habari za magereza ya siri. Alisema Marekani haimpeleki mtu katika nchi ambako "tunaamini" atateswa. Neno hilo moja ndilo linalobeba mzigo. Halizungumzii kama mtu aliteswa au la. Linazungumzia imani ya aliyemsafirisha siku ya kumpandisha ndege. Akaongeza kwamba pale inapofaa, Marekani huomba kuhakikishiwa. Nani huamua pale inapofaa? Siku mbili baadaye, mjini Kyiv, alitamka kwamba katazo la ukatili linawahusu watumishi wa Marekani popote walipo. Vyombo vingi vikatangaza kuwa sera imegeuka. Ikulu yao ikasema hakuna kilichogeuka. Pande zote mbili zilikuwa na nukuu mkononi.

Oktoba 2006 Makamu wa Rais Dick Cheney aliulizwa redioni kama kumchovya gaidi majini ni jambo la kufikiria mara mbili ikiwa litaokoa maisha. Akajibu kuwa halihitaji kufikiriwa. Dunia ikaelewa anazungumzia ile mbinu ya kumfunga mtu chali na kummiminia maji usoni hadi ahisi anazama. Msemaji wa Ikulu, Tony Snow, alisimama mbele ya waandishi na kushikilia kwamba kuchovya majini ni kuchovya majini, hakuna zaidi.

Na magazeti? Hapa pana takwimu ambayo kila chumba cha habari kinastahili kuibandika ukutani. Mwaka 2010 watafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard walipitia habari za miongo mingi kuhusu mbinu hiyo ya maji. Tangu miaka ya 1930 hadi 1999, New York Times iliiita mateso, au kudokeza hivyo, katika habari 44 kati ya 54. Kuanzia 2002 hadi 2008, wakati wanaoitumia walikuwa Wamarekani, ilifanya hivyo katika habari 2 kati ya 143. Los Angeles Times ilitoka 26 kati ya 27 hadi 3 kati ya 63. Wahariri walijitetea kwamba neno limekuwa la mabishano ya kisiasa, kwa hiyo kulitumia ni kuegemea upande. Lakini aliyeanzisha mabishano ni mtuhumiwa mwenyewe! Ukikubali kanuni hiyo, yeyote mwenye kipaza sauti anaweza kulifuta neno kwenye gazeti kwa kulikana tu. New York Times ilibadili msimamo Agosti 2014, siku chache baada ya Rais Obama mwenyewe kusema waliwatesa watu.

Je, wajua kwamba mmoja wa waliopitia "mbinu zilizoimarishwa za mahojiano" ni Mtanzania? Suleiman Abdullah Salim alikuwa mvuvi. Alikamatwa Mogadishu Machi 2003, akapelekwa Afghanistan katika gereza la CIA, shirika la ujasusi la Marekani, ambalo ripoti ya Seneti ya nchi hiyo ya Desemba 2014 inaliita COBALT. Yeye analikumbuka kwa giza lake. Muziki wa kupasua masikio usiku na mchana, minyororo, maji ya baridi mwilini, kufungiwa kwenye sanduku. Waliomshikilia walimwachia 2008 na karatasi inayosema si tishio kwa majeshi ya Marekani. Miaka mitano, na karatasi.

Yeye na wenzake waliwashitaki wanasaikolojia wawili waliobuni mbinu hizo, James Mitchell na Bruce Jessen. Agosti 2017 wakapatana nje ya mahakama. Katika tamko la pamoja wanasaikolojia hao walisema inasikitisha kwamba watu hawa walipatwa na madhila hayo, na kwamba yalitokea bila wao kujua wala kuridhia. Inasikitisha, yalitokea. Sentensi nzima haina mtu aliyenyanyua mkono. Unakumbuka Hague?

Mzanzibari Ahmed Khalfan Ghailani alikuwa mmoja wa wafungwa 14 ambao Bush aliwatangaza Septemba 2006 kuwa wametolewa magereza ya siri, ambako zilitumika alizoziita "taratibu mbadala". Ghailani alipofikishwa mahakamani New York 2010 kwa milipuko ya balozi za Dar es Salaam na Nairobi, jaji Lewis Kaplan alimkataa shahidi muhimu wa upande wa mashitaka, kwa kuwa jina lake lilipatikana kwa kumshurutisha mshitakiwa. Waendesha mashitaka hawakubishania shuruti hiyo. Walimwomba jaji achukulie tu kwamba kauli zake zote zilitolewa kwa shuruti, ili yaliyotokea gerezani yasijadiliwe. Kati ya mashitaka zaidi ya 280 alipatikana na hatia katika moja, akafungwa maisha. Ndugu wa waliokufa Agosti 7, 1998 walistahili kesi safi, na mateso yaliinyima kesi hiyo usafi wake.

Turudi nyumbani. Mei 2025 mwanahabari na mwanasheria wa Uganda, Agather Atuhaire, aliyekuja kufuatilia kesi ya mwanasiasa wa upinzani Tundu Lissu, alikamatwa Dar es Salaam pamoja na Mkenya Boniface Mwangi. Siku kadhaa baadaye Atuhaire aliachwa usiku Mutukula, mpaka wa mkoa wetu huu. Wote wawili walisema waliteswa na kudhalilishwa kingono. Kamanda wa Polisi wa Kanda Maalumu ya Dar es Salaam, Jumanne Muliro, aliwataka wapeleke ushahidi. Marekani ilionyesha wasiwasi juu ya taarifa za "kutendewa vibaya". Waziri wa Mambo ya Ndani wakati huo alikuwa Innocent Bashungwa, mbunge wa Karagwe. Maana yake mwandishi wa Kayanga alikuwa na mlango wa karibu wa kubisha kuliko mwenzake wa Nairobi.

Novemba 2025 Rais Museveni alieleza walikokuwa Wakenya wawili, Bob Njagi na Nicholas Oyoo, waliotoweka Kampala kwa zaidi ya mwezi. Aliwaweka kwenye friji siku kadhaa, alisema. Watu walicheka. Ukiondoa friji kinachobaki ni kukiri kwamba dola iliwashikilia watu bila kuwafikisha mahakamani, na hicho ndicho kilichostahili kichwa cha habari.

Tanzania haijaridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa Dhidi ya Mateso. Uganda ina sheria yake mahsusi ya kukataza mateso tangu 2012 na Kenya tangu 2017. Sisi tunaegemea Katiba, ibara ya 13(6)(e), inayopiga marufuku mtu kuteswa au kuadhibiwa kinyama.

Basi zile sentensi tunazozisikia kila wiki, iwe Redio FADECO ya hapa Karagwe au redio za taifa, zichukulie kama karatasi ya maombi ambayo haijajazwa. "Anashikiliwa kwa mahojiano zaidi": wapi, tangu lini, nani amemwona? "Anaisaidia polisi katika uchunguzi": akitaka kuacha kusaidia, ataruhusiwa kwenda nyumbani? "Nguvu ya ziada ilitumika": kifaa gani, sehemu gani ya mwili? "Alifariki akipelekwa hospitali": alipandishwa kwenye gari akiwa na hali gani? Na "amekiri" ndilo la kuogopwa kuliko yote. Mahakama zetu zina utaratibu mzima, kesi ndogo ndani ya kesi kubwa, wa kupima kama maelezo ya onyo, yaani yale anayoyatoa mtuhumiwa polisi baada ya kuonywa, yalitolewa kwa hiari. Katika kesi ya mwanasiasa wa upinzani Freeman Mbowe 2021 siku nyingi zilitumika kupima maelezo ya mshitakiwa mmoja tu, Adam Kasekwa. Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki ilishaonya tangu 1967, katika kesi ya Tuwamoi kutoka Uganda, kwamba ungamo lililokanwa na mshitakiwa lipokewe kwa tahadhari kubwa. Jaji anatumia siku kadhaa. Mtangazaji ametumia sekunde tatu.

Je, wajua kwamba Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inampa polisi saa 4 za msingi za kumhoji mtuhumiwa tangu alipowekwa chini ya ulinzi, na akizitaka zaidi sharti aziongeze kwa utaratibu, zisizidi 8? Na kwamba kwa makosa mengi mtu anatakiwa kufikishwa mahakamani ndani ya saa 24? Mwandishi wa Nkwenda, Omurushaka au Murongo hahitaji shahada ya sheria kuitumia sheria hii. Kamanda akimaliza kusoma taarifa, aulizwe: alikamatwa saa ngapi, na mahojiano yalianza na kuisha saa ngapi? Jibu huwa na tarakimu au halina, na likikosa tarakimu, hilo pia liandikwe kwenye habari.